Mwanangu Anasema Kodi ni Wizi, na Anataka Nimpe Akiba Yangu

BARUA

Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Baraka. Nauza ndagala za Ubwari na vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kifungua mimba wetu alisoma uchumi Lubumbashi, na amerudi na maneno mapya. Anasema kodi ni wizi, serikali ni mzigo, kila mtu ajitegemee. Ukoo ulipopata kilio mwezi uliopita alikataa kutoa mchango, eti hakuna aliyemuuliza kabla ya kuandika jina lake kwenye orodha. Baba yake alikasirika mpaka chakula kikalala.

Sasa amejiunga na kampuni inayouza dawa za lishe na mafuta ya ngozi kwa njia ya kuandikisha watu. Anataka nimpe dola 300, fungu langu la AVEC, chama chetu cha kuweka na kukopa, anunue paketi ya kuanzia kisha aniandikishe chini yake. Anasema huo ndio uhuru, mtu kuwa bosi wake mwenyewe. Mume wangu naye anasema siwezi kutoa hata franka moja bila ruhusa yake, kwa sababu yeye ndiye kichwa cha nyumba. Nikimkatalia mtoto, ataona nimemfuata baba yake. Nikimpa, nyumba itawaka. Makuta haya nimeyatafuta juani. Mbona kila mtu ana neno juu yake? Nifanye nini?

*Mama wa Watano, Baraka*

JIBU

Mama, nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Usitoe dola hizo 300. Lakini usikatae kwa kuwa mumeo amekataza. Kataa kwa kuwa wewe mwenyewe, ukishapima, utaona biashara hiyo haikufai. Tofauti kati ya sababu hizo mbili ndiyo inayowagombanisha nyumbani kwako.

Tuanze na kijana, maana nadhani baba yake hajamsikiliza hadi mwisho. Anayoyasema si utovu wa adabu. Ni falsafa ya watu waitwao walibertari, wanaoshikilia kwamba mtu mzima ni mwenye nafsi yake, kazi yake na mali yake, na kwamba mambo kati ya watu yaende kwa hiari, si kwa kulazimishana. Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika mwaka 1850, katika kijitabu chake *La Loi*, kwamba sheria iliyowekwa kulinda mali ya mtu inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kumnyang'anya. Karibu nasi, mchumi Mkenya James Shikwati aliliambia jarida la Ujerumani *Der Spiegel* mwaka 2005 kwamba misaada ya kigeni inaiumiza Afrika, akaomba isimamishwe. Unaweza kuwapinga watu hawa, lakini huwezi kusema hawana hoja.

Na mtu wa Fizi, kwenu huko Baraka, ana sababu za kuwasikiliza kuliko wengi. Wazee wenu wanakumbuka Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa wakubwa na marafiki zao, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki tupu. Wanakumbuka salongo, kazi ya umma ya lazima. Wewe mwenyewe unazijua bariere. Watafiti wa taasisi ya IPIS walipohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, ripoti yao ya mwaka 2017 ilitaja 798. Vingine ni vya askari wa serikali, vingine vya makundi yenye silaha, na mama mwenye kapu la ndagala hulipa kotekote. Tena mwaka 2020 ilikuja RAM, tozo ya simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti, dola 1 kwa simu ndogo, ikikatwa moja kwa moja kwenye uniti zako. Wananchi walipiga kelele, wabunge wakadai ifutwe, na mwaka 2022 ikafutwa. Kwa hiyo kijana akisema kuna kodi ambayo ni wizi, mwambie: mwanangu, hapo umesema kweli.

Lakini umwombe asome na Katiba yetu ya 2006. Ibara ya 34 inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu, hiyo ataipenda. Ibara ya 174 inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na papo hapo inaongeza kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila anayeishi nchini. Nusu ya kwanza inamkataza mtu wa bariere kukutoza kwa kamba na bunduki. Nusu ya pili inatuambia kwamba tozo isiyo halali haifanyi kila kodi kuwa wizi.

Fizi ina somo la pili ambalo vitabu vya Ulaya havimfundishi. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake waliunda chama cha PRP, wakaweka utawala wao katika milima yenu, eneo wakaliita Hewa Bora. Serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali kwa miaka mingi. Je, mwananchi alibaki huru? Hapana. Chama nacho kilikuwa na amri zake, na biashara ya dhahabu ilipita mikononi mwake. Tangu hapo hadi leo, kila mahali serikali inapoondoka katika wilaya yenu, mwenye silaha mwingine anaingia na daftari lake la kodi. Hata Robert Nozick, Mmarekani anayeheshimiwa sana na walibertari, katika kitabu chake cha mwaka 1974 alibakiza serikali ndogo yenye kazi chache: kumlinda mtu dhidi ya nguvu, wizi na udanganyifu, na kuhakikisha mikataba inatimizwa. Kijana aulize kwa nini alifanya hivyo. Bila mlinzi anayewajibika kwa sheria, mali ya mnyonge haina mwenyewe.

Baba yake naye ana ushahidi wake, na angeutoa kwa utulivu ungesikika. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu vizuri miaka ya 1990, wazazi walibeba shule mabegani kwa malipo ya *prime*, nyongeza ya mshahara wa mwalimu. Huo ulikuwa ushirikiano mkubwa, na bila wazazi na makanisa shule nyingi zingefungwa. Lakini kila mwalimu aliyefundisha miaka ile aliwaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa malipo. Ndiyo maana Septemba 2019, shule ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure kama Katiba ilivyoagiza, madarasa yalifurika. Mwanao ajue kwamba kujitegemea kwa mzazi mmoja kunaweza kuwa mlango uliofungwa kwa mtoto wa mwingine.

Sasa tuje kwenye paketi ya kuanzia. Nilipomweleza Nozick nilitaja udanganyifu makusudi. Falsafa ya mwanao inasema kila mtu auze na anunue kwa hiari, lakini hiari ya mtu aliyefichwa ukweli si hiari. Anayekuuzia akijua usichokijua, kisha akakuficha, amekulazimisha kwa ulimi badala ya rungu. Kwa hiyo ipime kampuni hiyo kwa kipimo cha mwanao mwenyewe.

Muulize: faida inatoka wapi, kwa wateja wanaonunua dawa kwa ajili ya kuitumia, au kwa watu wapya wanaonunua paketi? Kama inatoka kwa watu wapya, kaeni na kalamu. Kila mmoja akitakiwa kuleta watu 6, ngazi ya pili ina watu 36, ya tatu 216, ya sita 46,656. Ngazi ya tisa inapita milioni 10. Kuanzia Makobola hadi Kazimia utawapata wapi? Wa juu wanapata, wa chini wanabaki na makopo yasiyouzika, na walioko chini daima ndio wengi. Nchi yetu imeshalipia somo hili. Mwaka 1991 Bindo Promotion ilianguka Kinshasa, na watu waliokuwa wameweka akiba zao wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi walilia. Tanzania ililiona hilo mwaka 2009 kwa DECI. Majina hubadilika, mwendo ni uleule.

Aidha, dawa inayosemwa inatibu kila ugonjwa, ikiuzwa na mtu asiye mganga wala mfamasia, ni hatari kwa mnunuzi. Wateja wako wa sokoni wanakuamini kwa sababu hujawahi kuwauzia ndagala mbovu. Kampuni hiyo haihitaji dola zako tu. Inahitaji jina lako jema, na hilo likipotea halirudi kwa paketi nyingine. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo nimekubaliana na mumeo juu ya dola. Juu ya ruhusa, sikubaliani naye, na naomba asome haya bila hasira. Sheria ya familia ya mwaka 1987 kweli ilimtaka mke apate idhini ya mume katika mambo ya kisheria. Lakini sheria ya Julai 2016 iliirekebisha. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba, ila idhini ile ya upande mmoja imeondolewa. Mume na mke wanatakiwa kukubaliana, na wakishindwa kabisa, anayeona ameonewa anaweza kwenda mahakama ya amani. Kukubaliana kunamfunga na yeye: naye asichukue mkopo wala ahadi kubwa bila wewe kujua. Mwalimu anayechukia askari wa bariere asiyetoa maelezo, asiwe bariere sebuleni kwake.

Nawe, mama, haki hiyo ina upande wa pili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwonyeshe mumeo daftari la biashara: mtaji, faida, na fungu la AVEC. Mtu anayeona hesabu hupunguza amri.

Limebaki suala la kilio. Kijana ana haki ya kukataa, na ninyi wazazi msimlipie kwa siri, maana hapo mtamfundisha kwamba kukataa hakuna gharama. Lakini mweleze kwamba michango ya kilio, likelemba ya kupokezana kwa zamu na AVEC ndivyo vitu vinavyokaribia zaidi kile anachokiota: watu wanaungana bila serikali, wanaweka kanuni zao, wanajisimamia. Elinor Ostrom alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali ya pamoja, kama vile maji na samaki, kwa kanuni walizokubaliana wenyewe. Anayekula matunda ya umoja huo siku yake ya msiba asiukwepe siku ya msiba wa jirani. Wazee wa ukoo nao wakiketi katika lubunga, baraza lao, wakubali jambo moja: kijana aulizwe kabla jina lake halijaandikwa, na mwenye kidogo atoe kidogo bila kuaibishwa. Wakifanya hivyo, hoja ya mwanao itakuwa imejibiwa.

Nakushauri ufanye mambo matatu. Kwanza, mwite kijana na baba yake siku moja, ueleze mwenyewe kwamba dola 300 hutoi, na sababu zako. Usiseme "baba amekataa". Pili, mpe kijana kazi inayofaa elimu yake: aende nawe bandarini na sokoni, aandike kila tozo unayolipa, nani ameitoza, ametoa risiti au hakutoa. Daftari hilo likijaa, wamama wa soko walipeleke kwa viongozi wa mji na kuuliza ipi kati ya tozo hizo ina sheria nyuma yake. Huko ndiko kupigania uhuru kunakomsaidia mtu. Tatu, kama anataka mtaji, asiombe zawadi. Aombe mkopo wa AVEC kwa biashara ya kitu ambacho watu wa Baraka wanakihitaji kweli, kwa riba ileile anayolipa kila mwanachama.

Kwa wasomaji wengine wenye vijana waliorudi na vitabu: msiwafukuze mezani. Wapeni nafasi ya kusema, kisha muwadai wao na ninyi wenyewe jambo lilelile: hakuna atakayechukua cha mwenzake kwa nguvu, kwa uongo wala kwa cheo.