Crater Lake: Chagua Mwezi Kwanza, Mengine Baadaye

Mara ya kwanza kwenda Crater Lake, ziwa sikuliona. Ilikuwa Mei. Portland tulipokuwa tunaishi maua yalishachanua, watoto wanavaa kaptula, nami nikaamini majira yale yale yatakuwa yamepanda mlimani pia. Tuliondoka alfajiri, tukaendesha zaidi ya saa nne kuelekea kusini mwa Oregon, tukafika ukingoni na kukuta theluji imerundikana pembeni mwa barabara na ukungu mzito kama uji wa mtama. Mwanangu akauliza, "Baba, ziwa liko wapi?" Nikanyoosha kidole kwenye ule weupe: "Hapo." Alinitazama kama anavyotazamwa tapeli wa Kariakoo.

Tumerudi mara mbili tangu siku ile, mara ya mwisho tukiwa na mama yangu aliyetoka Tukuyu kuja kututembelea. Haya ndiyo ningependa mtu angenieleza mapema.

Mwezi

Ukingo wa ziwa uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka huanguka wastani wa zaidi ya mita 10 za theluji. Lango la kaskazini na barabara inayolizunguka ziwa hufungwa takriban Novemba, na mitambo ya kuondoa theluji huwa haijamaliza kazi hadi Juni au Julai. Upande wa mashariki ndio hufunguliwa mwisho. Ile Mei simu ilituongoza moja kwa moja hadi lango la kaskazini, tukakuta limefungwa, ikabidi kuzunguka mpaka barabara namba 62, inayoingia kwa kusini na magharibi. Kwa hiyo usiulize simu njia kabla hujaangalia tovuti ya hifadhi kujua barabara zipi ziko wazi.

Mimi huchagua nusu ya pili ya Julai. Barabara nzima mara nyingi huwa wazi, na moshi wa mioto ya misitu, ambao Agosti na Septemba unaweza kulifunika ziwa kuliko ukungu, kwa kawaida huwa haujashika kasi. Gharama yake ni mbu. Hawana malaria, lakini adabu hawana pia. Beba dawa ya kujipaka na shati la mikono mirefu.

Kabla ya kupanda

Jaza mafuta mjini. Beba chakula na maji, maana huko juu maduka ni machache na bei zake zinauma. Beba sweta hata kama ni Julai. Jua likizama baridi inakumbusha Makambako. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo pakua ramani nyumbani. Langoni nililipa dola 30 kwa gari zima, na tiketi hiyo inatumika siku saba.

Siku yenyewe

Barabara ya ukingoni ina urefu wa kilomita 53. Kwenye ramani ni safari ya saa moja; mwenye akili huitengea siku nzima. Fika asubuhi na mapema, kabla upepo haujayakwaruza maji, kwa sababu saa hizo kuta za kreta hujitazama ziwani kama kwenye kioo. Anzia Rim Village, uende kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kituo cha kwanza cha maana ni Watchman. Kijia chake ni kama kilomita 1.3 kwenda juu, na ukifika kileleni unakitazama kwa chini kisiwa cha Wizard, yaani Mchawi, kilima cha volkano kilichochomoza katikati ya maji. Upande wa mashariki usikose Cloudcap, kisha Phantom Ship, mwamba mdogo unaofanana na jahazi lililokosa upepo.

Kufika majini kuna njia moja tu inayoruhusiwa, Cleetwood Cove. Inashuka mita 213 katika kilomita 1.8, na kila hatua uliyoshuka utailipa ukipanda. Sisi tuliikuta wazi, lakini ilipangwa kufungwa kwa matengenezo ya miaka kadhaa kuanzia 2026, kwa hiyo hakikisha kabla hujawaahidi watoto kuogelea. Nilitumbukiza miguu, maji yanakata kama wembe.

Ujue unachokitazama

Mtanzania aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro ana bahati hapa, maana kisa ni kile kile: mlima uliojimwaga ukabaki mtupu ndani, kisha ukajiangukia. Mlima huu, Mazama, ulilipuka miaka kama 7,700 iliyopita. Ngorongoro sakafu yake ikawa malisho. Huku shimo likajaa maji ya theluji na mvua. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Kina chake ni mita 592, kirefu kuliko cha ziwa lolote la Marekani. Na kwa kuwa hakuna mto wa kuleta tope, mwanga unazama mbali sana. Rangi nyingine humezwa na maji, buluu ndiyo inayorudi. Picha zangu zote zinaonekana kama zimetiwa wino.

Mama hakwenda Cleetwood. Alisema magoti yake yalishamalizwa na Ngosi, ziwa la kreta la kwao, enzi za usichana. Alilitazama ziwa kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hili nalo lina wenyewe?"

Lina wenyewe. Waklamath wanaliita giiwas, na masimulizi yao yanaueleza mlipuko ule kuwa vita kati ya Llao wa chini ya ardhi na Skell wa juu. Wanaakiolojia nao walikuta kwenye pango la Fort Rock ndara za kusukwa, zimelala chini ya tabaka la majivu ya Mazama. Watu walikuwepo mlima ukiwa mzima.

Mama akaitikia, akajifunika kitenge vizuri, akaketi barazani mwa hoteli ya zamani iliyofunguliwa 1915. Sisi tukaenda kuteremka, kupanda, kuhema na kupiga picha. Tuliporudi jioni alikuwa bado ameketi pale pale, akatueleza ziwa lilikuwa na rangi gani wingu lilipopita, rangi gani jua lilipoegemea, na kivuli cha Mchawi kilihamia wapi. Katika picha zangu mia mbili na kitu, hayo hayakuwemo.

Kwa hiyo kwenye ratiba yako, baada ya mafuta, sweta na dawa ya mbu, andika pia saa moja ya kukaa.