Mama, Mikono Yenye Maji na Umeme

Mama, wewe unayepiga pasi nguo za watu, ao unashona kwa mashini, ao unachemsha maji ya kuuza chai, somo hili ni lako.

Unajua namna mambo yanavyokuwa kwetu. Mchana kutwa umeme haupo. Katikati ya usiku ampuli inawaka, watoto wanapiga kelele: "Umeme umerudia!" Mama anaamka mbio afanye kazi mbele umeme haujaenda tena. Mikono ina maji, miguu haina viatu, chini ni udongo wenye unyevu. Ni saa ile hatari inaingia.

Sababu gani? Ngozi kavu inazuia umeme kidogo. Ngozi yenye maji inaupitisha. Umeme wa nyumba ni volti 220, na ule unaowasha ampuli moja ya wati 60 unapita ule unaotosha kuvuruga moyo mpaka mtu afe. Basi usiseme, "Kwangu ni ampuli moja tu." Na fizibli je? Fizibli inalinda nyumba isiungue, haikulindi wewe. Wengine wanaiondoa na kuweka kipande cha waya nene. Hapo hata nyumba haina mlinzi.

Tuseme wazi juu ya kile chuma cha kuchemshia maji ndani ya ndoo. Wamama wengi wanatia kidole ndani ya maji wasikie kama yamepata moto. Usifanye hivyo hata siku moja! Kwanza ondoa chuma kwenye umeme, kisha gusa maji. Ndoo iwe ya plastiki, na mtoto asikaribie. Pasi pia: umeme ukikatika, iondoe, kwa maana utarudi wewe ukiwa sokoni. Na waya uliochubuka, kuufunga sashe si kuutengeneza. Ita fundi.

Sasa, ukimwona mwenzako ameshikwa na umeme, utafanya nini? Moyo wa mama unasema: mkamate, mvute! Usimguse. Umeme utapita kwake mpaka kwako, na watoto watabaki yatima mara mbili. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama pahali pakavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu wa ufagio. Kama hapumui, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua, karibu mara 2 kila sekunde, usiache, na mwingine akimbie kuita munganga.

Lakini mti mkavu ni kwa umeme wa nyumba tu. Waya kubwa za njiani ni jambo lingine. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya mkubwa ulianguka penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, na wengi wao walikuwa wamama waliokuja kuuza. Maji na udongo vinaweza kuleta umeme. Ukiona waya umeanguka karibu na meza yako, acha bidhaa zako. Ondoka kwa hatua ndogo ndogo, miguu ikikaribiana, bila kuinua nyayo, mpaka uwe mbali zaidi ya metre 10. Zuia wengine wasikaribie.

Mtu akipona, asiseme, "Ni kidonda kidogo." Umeme unaacha alama ndogo kwenye ngozi, lakini ndani nyama inaweza kuwa imeungua, na moyo unaweza kusumbuka. Osha penye kuungua kwa maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mawese, yai wala dawa ya meno. Njoo hospitali.

Mtoto aliyetafuna waya akaungua mdomo, mlete hata kama ananyonya vizuri: kidonda kile kinaweza kutoa damu nyingi baada ya wiki moja ao mbili. Na wewe mwenye mimba, ukipigwa na umeme, hata ukijisikia mzima, usingoje siku yako ya kipimo. Njoo siku ileile, tusikilize moyo wa mtoto.