Mtoto ana "aleji": aonwe na nani?

Neno "aleji" limekuwa jepesi mno majumbani mwetu. Mtoto akijikuna, leo anakatazwa samaki, kesho yai, keshokutwa maziwa. Mtoto anadhoofu na mwasho uko palepale!

Daktari bingwa wa mzio huanza kwa kuuliza: alikula nini, alivimba baada ya muda gani, nyumbani kuna paka au zulia lenye vumbi? Kisha hupima. Hudondosha mkononi matone ya vitu vinavyoshukiwa, huchoma ngozi kidogo juu ya kila tone, na baada ya dakika 15 hadi 20 hutazama palipovimba. Hata hivyo kipimo peke yake hakitoshi, kwani wapo wanaovimba hapo na chakula chenyewe wanakila bila ya madhara. Dawa za mzio kama setirizini huharibu majibu, hivyo uliza mapema ziachwe siku ngapi kabla. Dawa ya pumu usimwachishe.

Hapa Tanzania mabingwa hawa ni wachache. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kliniki ya ngozi, ya kifua, au ya masikio, pua na koo, kulingana na tatizo. KCMC, Moshi, pana kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi. Nenda na orodha ya vyakula na dawa alizotumia, pamoja na tarehe.

Ama akivimba midomo au akipumua kwa shida, usingoje bingwa. Mkimbize hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, achomwe sindano ya adrenalini.