Somo la Sataranji: Kuukabili Ulinzi wa Kifaransa kwa Subira



Biryogo, katika Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, ni mtaa wenye njia iliyofungwa kwa magari, ambako wakazi na wageni huketi kwa chai na mazungumzo. Tulipoketi huko na vijana wanaojifunza sataranji, tulisikia lalamiko lile lile: mwenye kete nyeupe huanza kwa nguvu, mpinzani husogeza askari wake hatua moja tu, na mara mchezo wote hukwama. Kizuizi hicho huitwa Ulinzi wa Kifaransa. Jina hilo lilitokana na pambano la barua baina ya London na Paris lililoanza mwaka 1834, ambamo wachezaji wa Paris waliutumia.

Ulinzi huo hujengwa hivi. Nyeupe humpeleka askari e4, nyeusi hujibu e6. Nyeupe hucheza d4, nyeusi d5. Sasa askari wa e4 ameshambuliwa, na nyeupe ana njia tatu. Ya kwanza ni kubadilishana askari kwenye d5; ni njia salama, ila humfungulia mlango askofu mweusi wa c8, aliyekuwa amefungiwa na askari wa e6. Ya pili ni kumlinda askari wa e4 kwa farasi wa c3. Ya tatu ni kusonga mbele hadi e5.

Wanaoanza wengi huipenda njia ya tatu, kwa kuwa aliyesonga mbele hujiona ameshinda. Lakini mpinzani mjuzi hamgusi askari wa e5. Hucheza c5 na kumshambulia askari wa d4, aliye nyuma, kwa maana huyo ndiye mhimili. Mhimili ukianguka, aliye mbele hubaki peke yake.

Dawa yake ni hii. Mlinde d4 kwa askari wa c3, kisha kwa farasi wa f3. Nyeusi ataleta farasi c6 na malkia b6. Hapo wengi humpeleka askofu d3, wakitega mtego: askari wakishabadilishana kwenye d4, nyeusi mwenye pupa atamla askari wa d4 kwa farasi, farasi wakiliwa, malkia wake akaja d4, askofu mweupe atamtisha mfalme kutoka b5, na malkia mweusi ataliwa. Mtego ni mzuri, ila humnasa mwenye pupa tu. Mwenye subira kwanza huweka askofu wake d7. Tishio la b5 huisha, na askari wa d4 huwa hatarini kweli. Kwa hiyo tunamshauri anayeanza amweke askofu e2, ili malkia wa d1 aendelee kuilinda d4. Kisha, kila zamu, ahesabu: wangapi wanaishambulia d4, na wangapi wanailinda?

Kwa nini polisi waandike haya? Kwa sababu hesabu hiyo hiyo inahitajika mpakani. Kijana anayeahidiwa fedha za haraka ili avushe kanyanga au bidhaa za magendo usiku ni askari wa e5 asiye na mhimili. Aliyemtuma hukaa mbali, salama. Anayekamatwa au kudhurika njiani ni yule aliyetangulizwa. Kabla ya kupiga hatua, na aulize: nyuma yangu yuko nani, na nikianguka, nani ataanguka pamoja nami? Mara nyingi jibu ni mama na wadogo zake.

Sataranji haiwafai wenye mali peke yao. Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu katika mtaa duni wa Katwe, Kampala, chini ya mwalimu Robert Katende, akafika kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji.

Basi wazazi, viongozi wa vijiji na walimu, wapeni vijana ubao na muda wa kufikiri. Na mkiona kijana anavutwa kwenye magendo, zungumzeni naye mapema, au mtupigie simu 112, bila malipo. Usalama wa mpaka ni mnyororo wa askari, na mhimili wake ni ninyi.