Tangazo la ajali: toka karatasi ya Word mpaka barua pepe

Katika biro nyingi karatasi ya kutangaza ajali imeandikwa kwa Word. Kapita anaifungua, anaijaza, anaichapa, anatia sahihi, kisha inangojea gari la kuipeleka mjini Dilala. Karatasi ni nzuri, lakini inatembea polepole.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kutangaza ajali ya kazi. Bibi na watoto wa aliyeumia wanategemea maandiko hayo mbele ya CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS. Saa au mahali pakiandikwa vibaya, wao ndio watakaozunguka kwenye maofisi.

Namna gani basi kuigeuza karatasi iwe barua pepe iliyo tayari? Usiichukue nzima na kuibandika. Visanduku vya kutia alama havibonyezeki tena ndani ya barua. Kichwa cha karatasi chenye alama ya kampuni hakifuati. Na zile nukta ndefu za kujazia zinakatika ovyo kwenye simu ya daktari.

Andika upya kwa maneno matupu, kila ulizo na mstari wake: Mahali. Tarehe na saa. Jina na namba ya kazi. Ameumia wapi. Nani alimhudumia kwanza. Nani aliona. Penye kisanduku, andika «Ndiyo / Hapana, futa moja». Lakini ulizo la kwanza kabisa liwe hili: «Hatari ingali pale?» Kwenye karatasi ya zamani mara nyingi liko chini, karibu na sahihi, na hapo si mahali pake. Tuseme ni saa nane ya usiku, jiwe limeanguka penye njia ya malori. Anayesoma anapaswa kujua hilo mbele ya kujua namba ya mtu.

Penye kichwa cha barua tia: AJALI, mahali, tarehe. Anwani za usalama na za uganga zinaweza kukaa tayari. Anwani nyingine ziache. Ugonjwa wa mtu si habari ya biro zote.

Kisha uhifadhi. Katika Outlook ya zamani, ile ya kompyuta ya mezani, bonyeza Fichier, halafu Enregistrer sous, uchague «Modèle Outlook». Faili itaishia na .oft, ukiibonyeza mara mbili inatoa barua mpya, na ya asili inabaki vile ilivyo. Katika Gmail, fungua kwanza «Modèles» ndani ya Paramètres, upande wa Avancés. Halafu andika barua, bonyeza nukta tatu za chini, uihifadhi. Hifadhi ikiwa TUPU. Jina la mtu wa juma lililopita likibaki ndani, siku moja litaenda kwa jamaa isiyo yake.

Barua hii haiondoi simu wala redio. Kwanza ita msaada, kisha andika. Wala haiondoi karatasi yenye sahihi, ambayo inafuata nyuma.

Ukimaliza, jitumie barua moja ya majaribio na uisome kwenye simu ndogo, nje, penye jua. Ulizo usiloliona vizuri hapo, lifupishe.