Kaye ya kooperative isilale pahali pamoja

Ndugu wakulima, huku Bungulu karani anaandika uzito wa kakao kwenye depo, halafu jioni anamalizia hesabu nyumbani. Vita ikisukuma watu, kila mtu anakimbia na chake, kompyuta inabaki. Deni la kila memba, nani atalijua?

Tunashauri nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye flashi, moja mbali, tuseme kwa memba wa komite anayekaa Butembo. Flashi inayolala ndani ya droo karibu na kompyuta haisaidii kitu: mwizi ni mmoja, moto ni mmoja. Umeme ukikosekana, pigeni picha kurasa za kaye kwa simu, mumtumie yeye peke yake, si kundi zima la WhatsApp.

Kila mwisho wa mwezi mufungue nakala kwenye mashini nyingine. Faili isiyofunguka si nakala.

Mulinde kwanza orodha ya mashamba na pointi zake za GPS. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inadai kujua kakao na kahawa vimetoka shamba gani. Pointi zikipotea, itabidi kurudi kupima kwa miguu, na kuna mashamba ambayo leo hayafikiki.