Tairi Jipya: Litazame Kabla Hujaondoka

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukikaribia, wenye gari miongoni mwetu hununua matairi mapya, kwani gari itabeba wachumaji asubuhi na magunia jioni. Tairi likishafungwa, mtu hulipa, hushukuru, akaenda zake. Leo twapenda kueleza kwa nini haifai kuondoka hima namna hiyo, na ni kitu gani cha kutazama kwanza.

Jambo hili tulijifunza mbali na mashamba yetu. Tulikwenda Mwanza kuzuru jamaa, tukafikia mtaa wa Mabatini. Gari ya mwenyeji wetu ilikuwa imetiwa matairi mawili mapya mahali pengine mjini, na tangu siku ile usukani ulikuwa ukitetemeka. Mwenyeji alidhani tairi moja ni bovu, akataka kulirudisha dukani. Mzee mmoja, fundi wa matairi pale Mabatini, alichutama, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, akasema, "Tairi ni zima, mwanangu, ila halijakaa." Kweli, mahali pamoja, kiasi cha shibiri, lilikuwa limezama ndani ya ringi. Tulikuwa tumekwenda safari watu watano juu ya tairi lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama.

Kukaa maana yake nini? Ule ukingo mnene wa tairi unaoshika ringi, tuuite mdomo. Ndani yake mna nyaya za chuma, kwa hiyo hautanuki. Upepo ukijazwa, mdomo husukumwa kutoka katikati ya ringi, ukapanda mpaka ukagusa ukingo wa ringi. Hapo husikika mlio, na mara nyingi milio ni miwili, kwa kuwa midomo ni miwili. Lakini mlio peke yake si ushahidi. Kutu, uchafu, au kukosa sabuni huweza kuuzuia mdomo mahali padogo, na pengine pote pakawa sawa.

Basi yafuatwe haya:

1. Namba zilingane. Tairi lililoandikwa 195/65 R 15 lataka ringi ya inchi 15, si 14 wala 16. Ringi isuguliwe kutu, na midomo ipakwe maji ya sabuni au dawa maalumu ya kufungia matairi. Grisi na oili hazifai, kwani huharibu mpira na kulifanya tairi liteleze juu ya ringi.

2. Wakati wa kujaza upepo, watu wasimame kando. Kwa motokaa ndogo, upepo wa kukalisha tairi usipite ratili 40 kwa inchi ya mraba. Lisipokaa, toa upepo wote, paka sabuni tena, lizungushe kidogo juu ya ringi, anza upya. Kulazimisha kwa upepo mwingi huweza kukata nyaya za mdomo, tairi likapasuka na kuua. Wako na wanaomwaga petroli na kuwasha kiberiti ili tairi lipande. Huko ni kucheza na roho.

3. Tazama mstari. Karibu na ringi, ubavuni mwa tairi, pana mstari mwembamba ulioinuka. Nafasi baina ya mstari huo na ringi iwe sawa mzunguko wote. Ukizama mahali popote, tairi halijakaa. Tazama upande wa nje na wa ndani pia, kabla gurudumu halijafungwa garini, kwani baadaye upande wa ndani ni taabu kuuona.

4. Paka maji ya sabuni kwenye midomo na kwenye vali. Mapovu yakitoka, upepo unavuja. Kisha weka kipimo cha upepo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari. Mara nyingi kibandiko chake kipo penye mlango wa dereva.

5. Nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana, na zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100.

Wenye malori ya ringi za vipande, zenye pete ya chuma ya kufungia, wasijaribu kazi hii nyumbani. Pete ile ikichomoka, huruka kama risasi. Tairi hujazwa ndani ya kizimba cha chuma, na kwa fundi anayeijua kazi.

Yule mzee wa Mabatini alitoa upepo, akapaka sabuni, akajaza tena, akatuita tutazame mstari kwa macho yetu. Usukani ukatulia. Hakutumia kitu ila robo saa na kipande cha sabuni.

Njia zetu, hasa za Pemba, zina vilima na kona nyingi, na wachumaji walio nyuma ya gari hawana la kushika ila kumwamini dereva. Ndugu zetu, msione haya kumwambia fundi, "Ngoja kwanza, nitazame." Fundi mwema hatachukia.

Katibu wa Chama